Mbao mbichi za mwembe: nizipake nini kabla ya kuzianika?

Mgosi_Chumbageni:
Wakuu habari. Mwembe wa nyumbani umeanguka, nimeupasua kwa chenso mbao za inchi 1 na za inchi 2, bado zinachuruzika maji. Nataka vitanda na kabati. Jirani anasema nipake oili chafu, mzee mmoja wa Pangani anasema nizizamishe baharini kwanza. Nimsikilize nani?

Fundi_Randa:
Oili chafu achana nayo, labda kama unajenga banda la ng'ombe. Inaziba ubao usikauke, gundi na vanishi hazishiki, na chumba kitanuka gereji.

Mzee hajakosea sana. Mwembe una wanga mwingi na dumuzi, mdudu anayetoboa mbao, anafuata wanga. Ubao ukikaa majini wanga unapungua. Ila bahari inaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu. Masika ikiingia kitanda kinatoka jasho, misumari inaliwa na kutu.

Mimi natumia boraksi na asidi ya boriki, dawa za unga za kuzuia dumuzi. Maji ya moto lita 10, boraksi gramu 600, asidi gramu 400, koroga mpaka iyeyuke. Vaa glovu, na ndoo hiyo isirudi jikoni. Zamisha ubao ungali mbichi hivyohivyo, maana dawa inapita kwenye maji yaliyomo ndani. Ubao mkavu unalamba juu tu. Kisha zibananishe, funika nailoni, wiki 4 kwa za inchi 1, wiki 8 kwa za inchi 2. Ukifunua utakuta ukungu, dawa hii haiuzuii vizuri. Madoa ya kijivu yakizama randa haiyatoi, lakini ubao haudhoofiki. Paka hina kuyaficha ukipenda!

Halafu panga kivulini na fito katikati, fito zifuatane wima toka chini hadi juu, la sivyo mbao zinapinda. Vichwa vya mbao vipake rangi nzito ya mafuta mapema, ndiko zinakoanza kupasuka.

Binti_Muheza:
Kaka, na mtiki wa shamba la miti la Longuza?

Fundi_Randa:
Kiini chake hakihitaji kitu, dada. Inayoliwa ni ile nyeupe ya pembeni, na mti uliovunwa mchanga unakuwa nayo nyingi. Hiyo ndiyo ya kuzamisha.

Mgosi_Chumbageni:
Nimekupata fundi. Zikibaki nitengeneze na mlango wa uani?

Fundi_Randa:
Unanyeshewa? Basi hapana. Mvua inaiosha dawa yote, unabaki na mwembe mtupu. Tafuta mkongo au mvule, hata kama bei inauma.