Kuanza kazi ya kochi wa spoti Bukavu

Kijana wa Kadutu: Wakubwa, jambo. Nanyanyua vyuma tangu sekondari. Sasa mama mmoja wa Nguba anataka nimsimamie mazoezi nyumbani kwake asubuhi. Diploma sina, vyuma vya kubeba kwenda kwake sina. Nianze tu? Nimwombe ngapi?

Yaya Kochi: Mdogo wangu, muulize kwanza: shinikizo la damu? Sukari? Kifua kinamuuma akipanda mlima? Jibu likiwa ndiyo hata moja, apite kwa daktari. Halafu ujifunze huduma ya kwanza. Moyo ukisimama unakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, hapo hakuna kubahatisha. Vyuma vya nini, na mji wote huu ni miteremko ya kumpandisha kwa miguu? Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yeye aanzie chini ya hapo.

Mama wa Muhumba: Akulipe kwa mwezi, tena mbele. Ukidai kwa siku, mvua ikinyesha tu hakufungulii. Na usimtajie unene mbele ya watoto wake! Kochi wangu alinifanyia hivyo, nikamfukuza.

Kijana wa Kadutu: Asante mama. Yaya, na diploma?

Yaya Kochi: Itafute huku unafanya kazi.