Malipo "yameidhinishwa", miezi miwili baadaye fedha zinachukuliwa: kwa nini hatuelezwi mapema?

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, kampuni inayochakata malipo yangu ya kadi imekata fedha kwenye akaunti yangu ya biashara bila kuniuliza neno, ikakata na ada ya pingamizi juu yake (pingamizi ni pale mwenye kadi anapoitaka benki yake imrudishie malipo), kisha ndipo ikanitumia barua pepe yenye namba ya sababu na tarehe ya mwisho ya kujibu. Nilitozwa kwanza, nikaitwa kujitetea baadaye.

Pingamizi la kwanza lilihusu mteja mpya aliyeagiza mikoba mitatu ya ngozi kupitia tovuti yangu. Malipo yakapita, na kwenye skrini likatokea neno ambalo sasa silipendi hata kuliona: "yameidhinishwa". Nikashona, nikafunga mzigo, nikautuma, na msafirishaji akanipa karatasi yenye saini ya aliyeupokea. Zaidi ya miezi miwili ikapita, fedha zikaondolewa. Nikatuma saini ile, risiti na picha za mzigo, nikiwa na hakika kwamba hakuna atakayeupinga ushahidi huo. Nikashindwa, na jibu lililokuja lilikuwa la sentensi moja lisilo na maelezo.

Ilinibidi nikae usiku kadhaa nikisoma mwenyewe ili nielewe kilichotokea. Kumbe kuidhinishwa kwa malipo kunamaanisha tu kwamba benki iliyotoa kadi ilikubali muamala kwa wakati ule, pengine kwa sababu kadi ilikuwa haijafungwa na salio lilitosha. Si ahadi kwamba fedha zitabaki kwako. Kwa sababu nyingi za pingamizi, kanuni za Visa na Mastercard zinaruhusu shauri lifunguliwe hadi siku 120 baadaye, na pale mteja anapodai kwamba mzigo haukufika, hesabu inaweza kuanzia siku ambayo ulitarajiwa kufika, si siku aliyolipa.

Kumbe pia ile namba ya sababu, niliyoipita kwa haraka kana kwamba ni namba ya jalada, ndiyo shauri lenyewe. Visa wamezigawa sababu katika mafungu manne: 10 ni udanganyifu, 11 ni mambo ya idhini, 12 ni makosa ya uchakataji, na 13 ni malalamiko ya mteja kuhusu bidhaa au huduma. Yangu ilikuwa 10.4, yaani udanganyifu katika malipo ambayo kadi haikuwapo mbele ya muuzaji. Mwenye kadi hakusema kwamba mikoba haikufika. Alisema si yeye aliyeinunua. Saini ya kupokea mzigo ingenifaa sana kwenye 13.1, ambako mteja hudai kwamba hakupokea alichonunua, lakini hapa haikuonyesha ni nani aliyetumia kadi. Nilijibu swali ambalo sikuulizwa, na kampuni inayokata asilimia yake katika kila malipo ninayopokea iliniona nikifanya hivyo ikanyamaza.

Mwenye kadi huyo simlaumu hata kidogo. Huenda kweli aliibiwa namba zake, na ni haki yake kulindwa.

Lililoniumiza kuliko yote nililigundua wiki iliyofuata. Katika mipangilio ya akaunti yangu kulikuwa na huduma ya 3-D Secure, ambayo kabla ya malipo kupita humtaka mteja ajithibitishe kwa benki yake, kwa namba ya siri ya mara moja au kupitia programu ya simu. Mteja akishathibitishwa hivyo, hasara ya udanganyifu kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi, haibaki kwa muuzaji. Huduma hiyo ilikuwepo tangu siku nilipofungua akaunti, na ilikuwa imezimwa. Waliomba nakala za usajili wa biashara, vitambulisho, hata picha za bidhaa zangu, lakini hakuna aliyeona umuhimu wa kuniambia: washa hapa, la sivyo hasara ya kadi zilizoibiwa itakuwa yako. Ninajua kwamba baadhi ya wateja huacha kununua hatua zinapoongezeka. Uamuzi huo ulipaswa kuwa wangu, nikiwa nimeelezwa.

Pingamizi la pili lilitoka kwa mteja wangu wa siku nyingi. Aliona kwenye taarifa yake ya benki jina la kampuni niliyoisajili, ambalo halifanani kabisa na jina la duka analolijua, akadhani ameibiwa. Nilipompigia simu aliomba radhi papo hapo, akaiandikia benki yake kwamba anaondoa pingamizi, nami nikaiambatisha barua hiyo kwenye utetezi wangu. Fedha zikarudi baada ya wiki nyingi. Ada haikurudi. Nimeshinda, aliyelalamika amekiri kwamba alikosea, na bado nimetozwa! Kisa chote kilitokana na jina ambalo mtu wa kampuni hiyo angeweza kuniuliza kwa swali moja tu siku ya usajili: "Wateja wako wanakufahamu kwa jina gani?"

Katika kusoma kwangu nikakuta pia kwamba tangu Aprili 2023 Visa wana utaratibu kwa ajili ya hali kama hii chini ya sababu ya 10.4. Muuzaji akionyesha miamala miwili ya nyuma ya kadi hiyohiyo, isiyowahi kupingwa na yenye umri wa kati ya siku 120 na 365, na taarifa zisizopungua mbili zikalingana na muamala unaopingwa, mojawapo ikiwa ni anwani ya IP (namba ya mtandao ambao mteja alinunulia) au utambulisho wa kifaa, basi hasara haiwi yake tena. Mteja yule alikuwa ameninunulia mara nyingi kwa simu ileile. Nilikuwa na oda zote, lakini sikuwa nimehifadhi anwani za IP, kwa kuwa sikujua kwamba siku moja zingekuwa ushahidi.

Sasa nimebadilisha jina linaloonekana kwenye taarifa za benki, nimewasha uthibitisho, na namba ya simu ya duka ipo kwenye kila risiti ili mteja anipigie mimi kabla ya kuipigia benki. Mteja akitaka fedha zake ninamrudishia haraka, ila pingamizi likishafunguliwa sirudishi kando, maana unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Na kwa wenye mashine za kadi dukani, msikubali kuingiza namba za kadi kwa mkono kwenye mashine wakati kadi ina chipu, kwa sababu udanganyifu ukitokea hapo mzigo utawaangukia ninyi.

Haya yote nimejifunza kwa hasara, wakati yangetosha kwenye ukurasa mmoja wa lugha nyepesi. Ninachotaka kwa kampuni hizi ni ukurasa huo siku ya usajili, maelezo ya ushahidi unaohitajika ndani ya kila taarifa ya pingamizi, na ada irudishwe muuzaji anaposhinda. Ombi la kurudishiwa ada nimeliandika mara tatu, na mara zote nimejibiwa kwamba ni kwa mujibu wa mkataba.

Je, kuna yeyote hapa aliyefanikiwa kurudishiwa ada baada ya kushinda? Naomba aeleze aliandika nini, na aliipeleka barua kwa nani.