Tairi limeganda, fundi ananiambia "mpigie shemeji nimwelezee yeye"!

MAMA TAUSI:

Wakuu, leo sisalimii mtu. Ameondoka uani kwangu sasa hivi, magoti yangu bado yana mchanga, na nikisubiri hasira zipoe nitajikuta nimesamehe. Sitaki kusamehe.

Mnamjua. Mtu yeyote wa huku Kigamboni anamjua, yule wa chini ya mkungu, kijiti cha meno mdomoni tangu alfajiri mpaka magharibi. Simtaji, hana haja ya kutajwa.

Gari ni IST. Nililiacha uani wiki tatu nikaenda Songea msibani. Masika mnaiona ilivyopiga, na huku kwetu upepo wa chumvi unakula mpaka bawaba za milango. Uani pana mteremko, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikasafiri. Leo asubuhi nawasha, linaunguruma vizuri, naweka D, linajivuta kama ng'ombe aliyeona machinjio. Nashuka. Tairi la nyuma kulia halizunguki. Linaburutwa! Limechora mfereji mchangani kutoka kibarazani mpaka getini, mtu angepanda muhogo humo. La kushoto linazunguka bila shida, alama za kashata zake zimejipanga mchangani moja moja.

Namwita. Anakuja mikono mitupu, hana jeki, hana hata spana moja. Analipiga tairi teke. Anainama, anaweka sikio kwenye madigadi kama mkunga, anainuka: "Difu imekufa, imejifunga." Difu, lile bonge la gia la kugawia matairi nguvu, laki sita na nusu, ufundi laki moja na nusu, nitangulize nusu leo leo.

Nikamuuliza kwa adabu: "Fundi, gari hili linavutwa na matairi ya mbele. Difu ya nyuma imetoka wapi?" Nilikuwa nimeshalala chini na tochi ya simu nikaona kwa macho yangu: kuna chuma kimoja kimekatiza kutoka tairi hili mpaka lile, basi. Hakuna propela shafti ya kupeleka nguvu nyuma, hakuna difu, hakuna hata mahali pa kuifunga.

Hapo ndipo alipotoa kijiti mdomoni. Akamgeukia jirani yangu, mwanaume aliyekuwa anajipitia na ndoo yake ya maji, akamwambia yeye, si mimi: "Hawa hata ukiwaeleza hawaelewi." Ndiyo akanirudia: "Mama, mpigie shemeji nimwelezee yeye."

Mpigie shemeji! Gari nimenunua mimi. Kadi ina jina langu, bima nakata mimi, mafuta naweka mimi. Shemeji mwenyewe yuko Mtwara, na boneti hajui inafunguliwa wapi. Mpigie shemeji nimwelezee. Amwelezee nini, difu isiyokuwepo? Mbele ya mtu mwenye ndoo! Mpaka ndoo ilinionea huruma.

KIVUKO CHA PILI:

Uzi bila picha ni chai.

BWANA PWEZA:

Swali moja tu mkuu. Ulimpigia au hukumpigia?

MAMA TAUSI:

Bwana Pweza, usinitafute leo.

KIVUKO CHA PILI:

Swali ni la msingi, ajibu.

ZUHURA WA FERI:

Mwenye kijiti? Pole dada. Huyo kwangu alisema beringi. Kila kitu kwake beringi. Honi ikigoma, beringi. Kioo hakipandi, beringi. Wewe umepewa difu, shukuru, amekuheshimu.

MAMA TAUSI:

Heshima gani ya kuambiwa mpigie shemeji?

MZEE WA SPANA:

Dada, pole. Nimeshika spana miaka mingi, nikwambie ninachokijua. IST zipo zinazovuta matairi yote manne, hizo kweli zina difu nyuma. Kwa ulivyoeleza uvunguni, lako si hilo, kwa hiyo yeye alikuwa anauza hewa.

Nyuma hapo una dramu. Ndani yake kuna breki shuu mbili, ukivuta hendibreki waya unazitanua zinakandamiza ukuta wa dramu. Dramu ni chuma tupu, ikikaa na unyevu inaota kutu, na shuu iliyokandamizwa wiki tatu inagandana nayo. Wakati mwingine ni waya wenyewe, umeota kutu ndani ya ganda lake: unashusha hendibreki, kule nyuma haurudi.

Fanya hivi. Kinga matairi ya mbele kwa matofali, mbele na nyuma. Shusha hendibreki, legeza nati, piga jeki, toa tairi. Gonga dramu kwa nyundo huku unaizunguka, usiponde sehemu moja ukaipasua. Ikigoma, itazame usoni, ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za kichwa namba 12, kaza hii kidogo, kaza ile kidogo, dramu itajisukuma yenyewe.

Lingekuwa tairi la mbele, lenye diski, ningekwambia uanze na niplo, kale kamdomo ka kutolea hewa kwenye breki. Ukiilegeza, mafuta ya breki yakaruka na tairi likaachia, mpira wa breki umeziba kwa ndani, presha inaingia hairudi. Lisipoachia, tazama kalipa, ile inayobana diski, pistoni yake na pini zake. Ila kote huko unaanza na jeki. Fundi aliyepiga teke tu hajapima kitu.

MAMA TAUSI:

Umeona, Mzee wa Spana? Umenieleza yote hayo na hujasema nimpigie mtu! Kijana wa kuziba pancha hapa jirani ana jeki na nyundo. Naenda.

BWANA PWEZA:

Nani anashika tochi, shemeji?

MTEMI WA KONA:

Dada nawe, hendibreki mpaka mwisho, wiki tatu, masika, Kigamboni? Hilo tairi lingekuwa na mdomo lingekufungulia uzi wewe. Ungeliegesha pale juu kwenye tambarare, gia kwenye P, tofali nyuma ya tairi, kwisha.

ZUHURA WA FERI:

Mtemi, mwenzio alikuwa msibani.

MTEMI WA KONA:

Msiba hauzuii tofali.

SHANGAZI WA MTONI:

Nyie mna bahati, fundi wa gari japo anakuja. Mimi fundi cherehani ananimaliza. Kitambaa cha harusi ya mdogo wangu kimeingia kwake kabla ya Ramadhani. Harusi Jumamosi. Leo nampigia, eti umeme ulikatika. Wakuu, ile cherehani ni ya miguu!

KIVUKO CHA PILI:

Hahahaha, ya miguu!

ZUHURA WA FERI:

Shangazi, hao wana shule moja. Wangu akisema "Ijumaa njoo uchukue," kitambaa bado hakijakatwa. Siku ya Ijumaa ananipima upya, anasema nimenenepa.

MTEMI WA KONA:

Seremala je? Kabati langu tangu mwaka jana "linapigwa vanishi". Juzi nimepita, kuku ametagia ndani.

BWANA PWEZA:

Mayai ulichukua?

MTEMI WA KONA:

Alisema mayai ni ya fundi.

MAMA TAUSI:

Wakuu, LIMEACHIA! Nyundo ilikataa. Tukaweka bolti mbili kama alivyosema Mzee wa Spana, hii kidogo, ile kidogo, ya pili tulipofika nusu mzunguko dramu ikalia "ko!" nikadhani imepasuka. Imetoka. Ndani vumbi la kutu jekundu kama pilipili ya kusaga, na kitambaa cha shuu moja kimebanduka kutoka kwenye chuma chake, kimenata kwenye ukuta wa dramu, mpaka kijana amekikwangua kwa bisibisi. Shuu seti elfu thelathini na tano, kijana nimempa elfu kumi na tano. Elfu hamsini! Yule alitaka laki nane, na nusu niitangulize.

Ile shuu mbovu nimeifunga kwenye mfuko. Kesho asubuhi naipeleka pale chini ya mkungu, wateja wake wakiwepo, naiweka juu ya benchi lake aniambie hiyo ni difu ya wapi.

MZEE WA SPANA:

Safi sana. Badilisha za pande zote mbili, usibadilishe za kulia peke yake, gari litavuta upande ukifunga breki. Na huo waya uangalieni kama unarudi kabla hamjafunga dramu.

MAMA TAUSI:

Tunabadilisha zote. Waya unarudi, tumeuvuta na kuuachia mara tano.

KIVUKO CHA PILI:

Hongera. Shangazi, hebu rudi, umeme wa cherehani ya miguu ulikatikaje?

SHANGAZI WA MTONI:

Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema ni taa, haoni kutunga uzi kwenye sindano.

ZUHURA WA FERI:

Umempigia saa ngapi?

SHANGAZI WA MTONI:

Saa nne asubuhi.

MAMA TAUSI:

Jamani, alisema mpigie shemeji! Mbele ya mtu mwenye ndoo!

MTEMI WA KONA:

Shangazi, kifuate kitambaa leo, usilale. Wa kwetu alishonea gauni mikono miwili ya kushoto, tukaambiwa ndiyo fasheni.

SHANGAZI WA MTONI:

Ya kushoto yote? Na bibi harusi alilivaa?

MTEMI WA KONA:

Alilivaa. Picha zote ameshika maua.