Ukoo wa Babu Mwakio: Minnesota na Nyumbani

JUMATANO, 31 OKTOBA 2012

Shangazi Wakesho, saa 1:10 asubuhi
Wapendwa, hamjambo. Nawakumbusha kanuni ya kikundi hiki kwamba tunaandika Kiswahili kamili, bila vifupisho wala vikaragosi, kwa kuwa Babu husomewa kila kitu na Mwambi jioni na hakuna awezaye kumsomea mzee kikaragosi. Jambo la leo ni moja. Jumanne ijayo, tarehe 6 Novemba, wapiga kura wa Minnesota wataulizwa kama katiba ya jimbo irekebishwe ili muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja pekee ndio uwe halali na utambuliwe kuwa ndoa. Ningependa ukoo huu uende kwa kauli moja, nayo ni NDIYO. Jumapili tukutane kwangu Brooklyn Park saa nane mchana baada ya misa, tule, tuandike orodha ya wapiga kura wetu na tupange magari. Vituo vitafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, kwa hiyo kisingizio cha zamu sitakipokea. Kila mmoja aandike jina lake hapa chini.

Shangazi Wakesho, saa 6:40 mchana
Kikundi hiki kina watu ishirini na mmoja. Jina lililoandikwa mpaka sasa ni langu.

Malemba, saa 7:25 mchana
Shikamoo Shangazi, samahani kwa kuchelewa. Je, kutakuwa na pilau au wali wa nazi? Nauliza kwa sababu ya yale yaliyotokea Pasaka.

Shangazi Wakesho, saa 7:31 mchana
Marahaba. Yaliyotokea Pasaka hayatatokea tena, kwa kuwa safari hii Righa hataachiwa sufuria. Andika jina.

Righa, saa 8:02 mchana
Shangazi, mimi sina ubishi na sufuria, ila nimesikia kwa watu kwamba jina langu umekwisha kuliandika wewe mwenyewe kwenye daftari lako, nami bado si raia. Mwenye kadi ya kijani ya ukaazi akipiga kura nchi hii, siku ya kuomba uraia ataulizwa, na jibu lake linaweza kumpandisha ndege. Mwaka 2010, katika kura ya maoni ya Kenya, ulinipigia simu usiku ukinitaka niwaambie watu wa kwetu Wundanyi wawe Nyekundu, yaani waikatae katiba mpya, badala ya Kijani, yaani kuikubali. Sasa nakujulisha rasmi kwamba mimi ni Kijani, angalau kwa kadi.

Malemba, saa 8:05 mchana
Kijani hoyee!

Shangazi Wakesho, saa 8:20 mchana
Nimekufuta, Righa, lakini utaendesha gari, kwa kuwa kuendesha gari hakuhitaji uraia. Mambo ya 2010 yasiletwe hapa.

Mkamburi, saa 11:48 jioni
Shikamoo Shangazi, nimetoka darasani sasa hivi. Naomba nieleze mambo mawili kabla orodha haijaendelea. La kwanza ni kwamba ndoa ya watu wa jinsia moja tayari hairuhusiwi Minnesota: Mahakama ya Juu ya jimbo iliikataa tangu 1971 katika kesi ya Jack Baker na Michael McConnell, na bunge likatunga sheria ya kuikataza mwaka 1997. Kwa hiyo HAPANA ikishinda Jumanne, Jumatano hakuna atakayefunga ndoa ambayo hakuweza kuifunga Jumatatu. Kinachobishaniwa ni mahali katazo litakapokaa, kwa kuwa sheria inaweza kubadilishwa na bunge lijalo kwa kura ya kawaida, ilhali jambo likishaingia katika katiba haliwezi kutolewa bila wananchi wote kurudishwa tena kwenye masanduku.

La pili ni hesabu yenyewe. Hapa marekebisho ya katiba hayapiti kwa kuwashinda waliosema HAPANA tu. Ni lazima yapate zaidi ya nusu ya watu wote waliopiga kura katika uchaguzi huo. Mtu akimchagua rais wake halafu akaliruka swali hili na kuliacha tupu, karatasi yake inahesabiwa pamoja na za HAPANA.

Shangazi Wakesho, saa 12:15 jioni
Marahaba, mwanangu, na Mungu akubariki kwa ada tunayokulipia. Hilo la kwanza linanipa nguvu, si kunipunguzia: nyumba yenye kufuli moja huongezewa la pili. North Carolina wameliongeza mwezi Mei kwa asilimia 61, na California mwaka 2008, ambako watu hawaogopi lolote, walipitisha. Askofu Mkuu Nienstedt amesema wazi msimamo wa Kanisa, na sala ya ndoa tumeisali parokiani. Hilo la pili ndilo linalonitisha. Mmelisikia? Anayenyamaza amesema HAPANA.

Righa, saa 12:19 jioni
Basi kikundi hiki kimekwisha kupiga kura tangu asubuhi, Shangazi, na umeshindwa kwa kishindo.

Mkamburi, saa 12:30 jioni
Arizona walikataa mwaka 2006, Shangazi, ingawa pendekezo lile lilikuwa pana zaidi na walikubali jingine jembamba miaka miwili baadaye. Sisemi hayo ili kukupinga. Hata makanisa hayako upande mmoja, kwa sababu sinodi kadhaa za Kilutheri za hapa Minnesota zimetangaza kuyapinga marekebisho haya. Wewe kama mwalimu wa lugha ungefurahia ugomvi wa kichwa cha habari: Katibu wa Jimbo, Mark Ritchie, alitaka kichwa cha swali kiseme kwamba hadhi ya ndoa inawekewa mipaka, na Mahakama ya Juu mwezi Agosti ikamwamuru arudishe kile kilichochaguliwa na bunge, kinachosema kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja pekee inatambuliwa. Sheria ni ileile, lakini mmoja anasikia mtu akifungiwa mlango na mwingine anasikia mtu akikaribishwa ndani.

Shangazi Wakesho, saa 12:41 jioni
Kitenzi ni "kutambua", nacho ni kitenzi kizuri. Majina, tafadhali.

Mghoi, saa 3:55 usiku
Nimetoka zamu. Je, na lile swali la pili la Jumanne, kama kila mpiga kura alazimishwe kuonyesha kitambulisho chenye picha, tutalijadili? Wazee ninaowahudumia wengi wao hawana leseni ya gari, na mpaka leo wameweza kuthibitishiwa makazi na mfanyakazi wa nyumba yao.

Shangazi Wakesho, saa 3:58 usiku
Hilo tutalijadili Jumapili baada ya chakula. Nimeandika jina lako.

Mghoi, saa 4:20 usiku
Sikusema uliandike, Shangazi.

ALHAMISI, 1 NOVEMBA 2012

Lewela (Maryland), saa 12:50 asubuhi
Shikamooni wakubwa. Umeme ulikatika kwa sababu ya kimbunga Sandy, na hata kura ya mapema ilisimamishwa, ndiyo maana nimekuwa kimya. Nimesoma kila kitu sasa hivi kwa taa ya gari na nimechanganyikiwa. Shangazi anasema ukoo wote useme NDIYO. Huku Maryland swali namba 6 linauliza kama tunaikubali sheria iliyotiwa saini na Gavana O'Malley mwezi Machi ya kuruhusu ndoa za jinsia moja, kwa hiyo anayeiunga mkono ndiye anayekubali. Je, nikubali kwa ajili ya ukoo au nikatae kwa ajili ya Shangazi?

Righa, saa 1:04 asubuhi
Mkubalie, Lewela. Amri ni amri.

Shangazi Wakesho, saa 1:06 asubuhi
LEWELA, USIKUBALI CHOCHOTE KABLA HUJANIPIGIA SIMU.

Malemba, saa 1:15 asubuhi
Hii ni ndizi na chungwa upya, zile alama za kura ya katiba kule Kenya, ndizi ya kukubali na chungwa la kukataa. Mwaka 2005 marehemu Nyanya alifika kituoni akauliza la kukataa ni lipi kati ya hayo matunda, na karani akamwambia haruhusiwi kumjibu.

Lewela (Maryland), saa 1:22 asubuhi
Sheria yenyewe ya huku inasema hakuna padri wala shehe atakayelazimishwa kuifungisha ndoa hiyo. Majirani zangu wa kanisani wamegawanyika nusu kwa nusu juu ya jambo hilo, na wote wanaimba kwaya moja.

Mama Saada, saa 2:10 asubuhi
Asalaam aleikum. Mimi huandika kwa nadra humu, na Wakesho anajua sababu. Nimeamka kwa swala ya alfajiri nikasoma maneno haya tangu mwanzo, na nimekaa nayo mpaka jua limetoka. Dini yangu katika jambo hili inajulikana, haihitaji kukumbushwa na mtu, wala sikuandika ili kuipinga. Nimeandika kwa sababu ya kitenzi.

Wakesho, umesema "kutambua" ni kitenzi kizuri. Mwaka 1984 mimi na marehemu Mghanga tulioana kwa DC pale Mombasa, kwa kuwa kanisani hawakunitaka na kwetu hawakumtaka. Nyumba nzima ya Mwakio ilituma neno kwamba ndoa hiyo haitambuliki, na aliyelileta ni wewe, pamoja na ile kanga. Uliirudisha ikiwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Mwaka 2010 ukawa Nyekundu kwa sababu ya mahakama za Kadhi, ukawapigia simu watu wa kijiji kizima, na mimi nikiwa jikoni kwako nakukatia vitunguu. Sikusema kitu. Leo nasoma kwamba anayenyamaza amehesabiwa. Basi mnihesabu mnavyotaka.

Shangazi Wakesho, saa 2:48 asubuhi
Mama Saada, mwaka 1984 nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitumwa. Msichana akitumwa na baba yake alikuwa hana la kujibu.

Mama Saada, saa 2:52 asubuhi
Najua ulitumwa. Nilingoja urudi siku nyingine bila kutumwa.

Righa, saa 3:30 asubuhi
Jamani, mimi naweza kuleta kuku.

Mkamburi, saa 3:31 asubuhi
Righa, nyamaza.

IJUMAA, 2 NOVEMBA 2012

Mwambi (Wundanyi), saa 7:15 usiku
Hamjambo huko. Huku ni asubuhi, na Babu ametoka katika misa ya Marehemu Wote. Jana jioni nilimsomea yote, hata yale ya kanga, kwa kuwa alinikataza kuruka. Hakusema neno mpaka leo, tulipokaa chini ya mparachichi. Ameniamuru niandike kama anavyotamka, nami nimefanya hivyo.

"Mimi Mwakio najua ndoa ya mume na mke, na kwa umri huu sitajifunza nyingine, hilo lisitafutiwe maana. Wakesho ana haki ya kuweka alama anapotaka, na hata kuwashauri wenzake. Lakini hiyo orodha iondolewe. Kura niliyopiga mimi kuhusu Kijani na Nyekundu haijulikani na mtu mpaka leo, hata huyu anayeandika.

"Wakesho hakujituma mwaka ule. Nilimtuma mimi. Nilikaa kwenye kiti changu nikasema siitambui ndoa ya Mghanga, na watu wakaniitikia kwa sababu nilikuwa nimekaa. Mghanga aliporudishwa katika sanduku, tulibishana hapa uani juu ya mahali pa kumzika, juu ya nguo na juu ya sala, na aliyeyajua yote aliyoyataka alikuwa mwanamke yule niliyemkataa. Mimi baba yake sikujua hata moja. Mama Saada, hayo nilipaswa kukuambia siku ile, na nilikuambia pole ya njia tu.

"Sasa nina swali. Nasomewa majina kila jioni: Malemba na chakula chake, Righa na utani wake. Jina la Nyange sijasomewa tangu mlipotoka Rochester Krismasi iliyopita. Je, yumo humo, au mlimtoa? Na kama yumo, ni nani kati yenu aliyempigia simu?"

Amemaliza hapo. Ameingia ndani kulala.

Mkamburi, saa 1:40 asubuhi
Shikamoo Babu.

Malemba, saa 1:58 asubuhi
Shikamoo Babu. Mimi sikumpigia.

Mghoi, saa 3:12 asubuhi
Shikamoo Babu. Nilimpigia mwezi Machi mara moja, hakupokea, nami sikurudia.

Shangazi Wakesho, saa 5:50 mchana
Baba, shikamoo. Nimesoma nikiwa kazini nikalazimika kwenda kukaa ndani ya gari. Orodha nimeichana, na Righa ni shahidi kwa kuwa nimempelekea picha ya vipande vyake. Msimamo wangu juu ya swali la Jumanne haujabadilika na sitajifanya umebadilika. Nyange yumo humu, hajawahi kutolewa. Kuhusu Rochester, mimi ndiye niliyesema yaliyosemwa mezani, na sidhani kwamba hapa ndipo pa kuyarudia.

Mama Saada, nitakuja kwako kesho saa nne. Sijatumwa.

Mama Saada, saa 6:30 mchana
Kesho nina zamu mpaka saa tisa. Baba, shikamoo. Maneno yako yamefika.

Righa, saa 8:15 mchana
Ninauliza kwa heshima zote: je, Jumapili ipo au haipo? Kuku nimekwisha kuwanunua.

Shangazi Wakesho, saa 8:40 mchana
Jumapili ipo kama chakula cha kawaida, bila daftari. Magari ya Jumanne yapo kwa yeyote anayeyahitaji. Lewela, bado hujanipigia.

Lewela (Maryland), saa 9:05 alasiri
Nilipiga kura jana jioni, Shangazi. Foleni ilikuwa ndefu na betri ilikuwa imekwisha.

Shangazi Wakesho, saa 9:06 alasiri
Ulikubali au ulikataa?

Mkamburi, saa 9:09 alasiri
Shangazi, Babu amesema nini?

Nyange, saa 4:35 usiku
Shikamoo Babu. Nimo. Husoma kila siku. Jumanne sipo kazini kuanzia mchana na nina gari la viti saba, kwa hiyo mtu yeyote wa Brooklyn Park au Saint Paul anayetaka kufikishwa kituoni anipigie, nami sitamuuliza anakwenda kuweka alama wapi. Mama, kesho nitakupitia wewe baada ya zamu. Kuhusu Jumapili, siwezi kuahidi.

Shangazi Wakesho, saa 4:51 usiku
Asante, mwanangu. Ni saa nane.

Malemba, saa 5:02 usiku
Shangazi, usiku wa kuamkia Jumapili saa zinarudishwa nyuma. Hiyo saa nane ni ya zamani au ni ya mpya?