Gesi inachomwa kisimani, mrabaha wake nalipwa au silipwi?

Mama Kulwa, Nyegezi:
Mwangaluka wote. Mnajua nilirudi nyumbani baada ya kumzika mzee, na zile haki zake za mafuta na gesi ya chini ya ardhi kule North Dakota, Marekani, sasa ni zangu, na mrabaha, yaani fungu la mwenye haki kwenye mauzo, unakuja kwangu. Juzi imekuja taarifa ya malipo. Mstari wa mafuta una hela, mstari wa gesi sifuri mpaka chini. Nikaandika, wakanijibu gesi haikuuzwa. Wifi yangu anakaa jirani na kisima, anasema moto unawaka usiku kucha hadi anaokota nguo uani bila taa. Na hata hizo hela za mafuta wamezishikilia, wanataka fomu ya kodi ya W-8BEN na kiapo cha mirathi. Kiapo nimegongewa muhuri na wakili hapa mjini, wamekirudisha. Hiyo gesi inayoungua nalipwa au silipwi? Na wakili wa hapa ana kasoro gani?

Mzee wa Houston:
Pole sana mayu. Waandikie RRC, Railroad Commission. Jina lisikutishe, mambo ya reli walishayaacha, siku hizi wanasimamia mafuta na gesi. Kanuni ya 32 inaruhusu kisima kipya kichome siku 10, zaidi ya hapo kampuni iombe kibali. Shamba la wakwe zangu lilikuwa na moto wa namna hiyo, mbuzi walihamia upande wa pili wa uzio.

Ngosha, Bismarck:
Mzee, RRC ni ya Texas. Mama kaandika North Dakota, tena mstari wa kwanza kabisa. Huku wenye kauli ni NDIC, tume ya jimbo inayosimamia mafuta na gesi. Sheria ya jimbo, sura ya 38-08, inampa mwenye kisima mwaka mmoja wa kuchoma tangu kianze kutoa. Mwaka ukiisha aunganishe bomba, au aitumie gesi kwa umeme pale pale, au afunge kisima. Akiendelea kuchoma, alipe kodi na mrabaha kana kwamba ameuza, isipokuwa awe na msamaha wa tume kwamba bomba halilipi. Kwa hiyo Mama, kisima kilianza kutoa lini? Na usikimbilie wakili wa mahakamani: mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema madai ya gesi iliyochomwa yaanzie kwa tume.

Mzee wa Houston:
Nilitoa mfano tu. Mbona moto hivyo, kijana?

Binti Kirumba, Stavanger:
Hapa Norwe kuchoma gesi ovyo kulikatazwa tangu miaka ya 1970, na kuanzia 1991 wanatozwa kodi ya kaboni kwa kila wanachochoma baharini. Nyingine inasukumwa tena chini ya mwamba. Marekani wanacheza.

Ngosha, Bismarck:
Hawachezi wote. Mwaka 2014 karibu theluthi ya gesi ya hapa iliishia hewani, ndipo tume ikaweka viwango: kampuni zikamate 74% mwaka ule, 91% kuanzia Novemba 2020. Kisichosemwa ni kwamba viwango hivyo havimpi mwenye ardhi hata senti. Kampuni inaweza kuvifikia kwa jumla ya visima vyake, na kisima cha Mama kikawa ndicho kinachowaka.

Kijana wa Sengerema, Minneapolis:
Inauma. Huko wanaichoma, bibi yangu anapuliza mkaa, mtungi ukiisha anasubiri nitume hela.

Binti Kirumba, Stavanger:
Ile ya mtungi ni propani na butani. Inayochomwa ni methani, haiingii mtungi wa jikoni.

Ngosha, Bismarck:
Dada, gesi ya Bakken, mwamba wa mafuta wa huku, ina propani na butani tele. Bibi yake angepikia.

Kijana wa Sengerema, Minneapolis:
Asante. Gesi ya Songosongo iko Dar tangu 2004, Kanda ya Ziwa tunaisikia redioni. Sasa bomba la mafuta la Uganda linapita Kagera na Geita, kilomita 1,443 hadi Tanga, sisi tutaliangalia likipita. Angalau daraja la Busisi tumepata, ile foleni ya kivuko siitamani tena.

Binti Kirumba, Stavanger:
Mimi naitamani. Mahindi ya kuchoma pale Kigongo mtayapata wapi?

Mzee wa Houston:
Turudi kwenye mada. Mama Kulwa, una paspoti ipi? Kama ulichukua uraia wa Marekani fomu yako ni W-9. W-8BEN ni ya mgeni, na mgeni anakatwa 30% ya mrabaha, maana Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani.

Kijana wa Sengerema, Minneapolis:
Mzee, swali la paspoti unamuuliza mtu aliyeko Nyegezi mbele ya watu wote? Ndiyo maana tunadai uraia pacha.

Mzee wa Houston:
Uraia pacha hauwezekani bila kugusa sheria, tulishalijadili hapa mpaka watu wakajitoa.

Kijana wa Sengerema, Minneapolis:
Walijitoa kwa sababu yako.

Mama Kulwa, Nyegezi:
Wabeja. Paspoti yangu iacheni. Ngosha, kwenye taarifa kuna tarehe tatu na zote zimefupishwa, nitakupigia picha. Ila la muhuri wa wakili hamjanijibu.

Binti Kirumba, Stavanger:
Mama, hivi anayesafiri Desemba anaweza kunibebea dagaa wakavu, au wananyang'anywa uwanjani?

Ngosha, Bismarck:
Wafunge kwenye gazeti, halafu mfuko wa nailoni mara mbili. Na mimi kilo mbili.