Waandaaji wa "usiku wa mashairi" Tanga, acheni kuwadhalilisha malenga wetu!

Wakuu, habari za humu. Nisalimie haraka niingie kwenye hoja, maana hili jambo limenikaa kooni tangu wiki ya Siku ya Kiswahili.

Hapa Tanga kila inapokaribia tarehe 7 Julai waandaaji wanazuka kila kona. Tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021, kila taasisi inataka usiku wake wa mashairi, bango lake, fulana zake na mgeni rasmi wake. Kwa hilo sina ugomvi, lugha yetu inastahili. Ugomvi wangu ni namna wanavyowatendea watu ambao bila wao huo usiku haupo. Malenga anaitwa kama anavyoitwa kijana wa kupanga viti, tena kijana wa viti analipwa.

Waandaaji siwataji. Wenyewe wanajijua.

Kuna mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani wa upande wa Pangani, anatunga tangu enzi ambazo shairi lako likitoka gazetini linatoka na jina lako na S.L.P. yako chini yake. Alipigiwa simu na mtu wa kamati, akaambiwa aandae shairi "lenye ujumbe". Akatunga tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, ya beti 14 kuhusu uvuvi wa baruti, jambo lililoua miamba ya pwani hii kwa miaka mingi na ambalo yeye ameliona kwa macho yake, hakusimuliwa. Akapanda basi kwa nauli yake mwenyewe. Ratiba ikamweka mwisho kabisa kabla ya hotuba: baada ya ngoma, baada ya kwaya ya wanafunzi, na baada ya DJ kutwanga muziki karibu saa nzima tukimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa.

Mzee hasomi karatasi. Alishika kipaza sauti, akafumba macho, akaanza kughani. Ukumbi ulitulia, nawaambieni, hata mabinti waliokuwa wakigawa maji walisimama. Ubeti wa tatu niliunakili palepale:

Miamba wamemaliza, kwa baruti na maudhi,
Tenga hatwezi kujaza, matumbawe si hifadhi,
Wana usiku twalaza, na njaa kama maradhi,
Bahari ikinyamaza, msidhani ina radhi.

Alipoingia ubeti wa tano, mshereheshaji akapanda jukwaani anatabasamu, akamshika bega, akamnyang'anya kipaza sauti. "Makofi kwa mzee wetu jamani, muda si rafiki!" Watu wakapiga makofi. Mzee alisimama pale kidogo, midomo bado inacheza, kisha akashuka akiwa ameshikilia ukuta kwa sababu ngazi hazikuwa na taa. Huo muda uliookolewa ukatumika kuitambulisha meza kuu, mmoja mmoja, kwa jina na cheo na cheo cha zamani.

Kuna watakaosema beti nne zinatosha, ujumbe umefika. Haujafika! Mtunzi wa tarbia ndefu anaanza kwa salamu na kuomba ruhusa, anaeleza hali, anaijenga hoja polepole, ndipo anamgeukia mhusika na kumwambia anachokitaka. Nilimfuata nje nikamwomba anighanie zilizobaki, akanighania tukiwa tumekaa kwenye msingi wa ukuta. Kuanzia ubeti wa tisa alikuwa anauliza nani anawauzia vijana hizo baruti, na kwa nini doria hufika mlipuko ukishalia. Wa kuyajibu hayo alikuwa safu ya mbele. Alichosikia ni salamu na huzuni ya mvuvi. Swali hakulisikia, na mimi siamini kwamba kila mtu kwenye ile kamati alisikitika.

Halafu kuna kaditamati. Aliyekulia kwenye mambo haya anajua ubeti wa mwisho ndiko mtunzi anakojitaja: jina lake, kwao wapi, wakati mwingine hadi jina la baba yake. Ile ndiyo sahihi ya shairi. Ukimkata mtu kabla ya kaditamati umemkata jina. Siku chache baadaye kipande cha video kikatupwa mitandaoni: nembo ya waandaaji kwenye kona, nembo za wafadhili chini, muziki wa kinanda umepachikwa juu ya sauti yake, na maelezo yanasema "Mzee akighani shairi". Mzee nani? Wa wapi? Hakuna. Watu wanakisambaza mpaka mikoa mingine, na tayari nimemwona mmoja ameweka kile kibwagizo, mstari unaorudiwa mwishoni mwa beti, kwenye ukurasa wake kana kwamba kimetoka kichwani mwake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Mtunzi ana haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na haki hiyo haingoji mpaka kitabu kichapwe. Kwenye kamati yenu mna wanasheria, msituambie hamkujua.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapo ndipo watu huanza kuumauma maneno. Spika zilikodiwa zikalipwa. DJ alilipwa. Mshereheshaji alilipwa, tena huyo huyo wa "muda si rafiki". Mapambo, viti vyenye vitambaa, chakula cha meza kuu, vyote vilikuwa na bajeti. Ikifika kwa washairi tunaambiwa ni kujitolea kwa ajili ya lugha. Haya, tujitolee. Lakini mbona ilipitishwa karatasi ya mahudhurio, tukaandika jina, namba ya simu na sahihi? Nyote humu mnajua karatasi ya namna ile huambatana na nini. Tuliosaini hatukuona nauli wala soda. Naomba mhusika aje hapa aeleze sahihi zetu zilikwenda kuambatanishwa na nini. Nauliza tu, na nataka jibu.

Hayo yote ningeweza kuyameza. La kaunta buku, daftari nene la jalada gumu, silimezi.

Mwaka uliotangulia watu hao hao walitangaza kwamba watatoa diwani, yaani kitabu cha mashairi, ya malenga wa Tanga. Wakawapitia wazee majumbani, wakachukua madaftari "kwa ajili ya kuchapa kwenye kompyuta". Bibi mmoja wa mtaa wetu, mtunzi wa tenzi, alitoa kaunta buku lake, jalada jeusi lenye mgongo mwekundu, amelizungushia karatasi ya kalenda. Humo mna tenzi alizotunga tangu ujana wake, nyingine za arusi, nyingine za msiba wa mumewe, kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Nakala nyingine hakuna popote duniani. Diwani haijatoka. Daftari halijarudi. Akiuliza anaambiwa aliyelichukua kahamishiwa Dodoma, mara lipo ofisini, mara ofisi imehama. Kumbukumbu zake zinapungua sasa. Anaweza kukughania mwanzo wa utenzi, akifika katikati anatafuta, anakosa, anaanza kulia.

Mnajua tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilitufikiaje? Kuna watu waliozihifadhi kichwani, na kuna Mwalimu Sikujua aliyekaa akazikusanya na kuzifafanua kabla hazijapotea. Kazi hiyo ilifanyika karne ya 19 kwa kalamu na taa ya mafuta. Leo kila mmoja kwenye ile kamati ana simu yenye kamera. Kulipiga picha daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya bibi mwenyewe, ilikuwa kazi ya alasiri moja. Wakaona bora waondoke nalo kwenye mfuko wa plastiki.

Na viongozi wetu wa chama cha washairi hapa, nanyi nawasema. Mlikuwepo ukumbini, safu ya pili, mkiwa na beji. Mzee anashushwa jukwaani hakuna hata mmoja aliyesimama. Nilipowafuata mkaniambia tusiwaudhi wafadhili. Mwenzenu mwingine alikuwa ameombwa abadilishe ubeti ili jina la mgeni rasmi liingie, akabadilisha, akavuruga mizani, yaani hesabu ya silabi, ya shairi zima, na huyo akaachwa amalize beti zake zote! Vijana wanaona. Kuna kijana hodari sana wa majibizano, anajibu papo kwa papo kwa vina viwili, aliniambia mwaka ujao haendi. Nilishindwa kumsihi.

Kinachonikera zaidi ni hotuba. Hakuna mgeni rasmi anayepanda jukwaani Tanga bila kumtaja Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, 1909, fahari ya mkoa. Wanampenda kwa kuwa alishakufa mwaka 1962 na hadai nauli. Nenda Arusha, ni hivyo hivyo: uliza vijana Sheikh Amri Abeid ni nani, watakuambia uwanja wa mpira. Yule mtu ndiye aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954!

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Mkimwita mtu, mwambieni mapema ana dakika ngapi, naye atatunga kwa dakika hizo. Malenga anajua kupima, maisha yake yote anahesabu mizani. Mkishampa dakika zake msiziguse hata akija nani. Jina lake litamkwe kabla hajaanza na liandikwe kwenye video. Nauli apewe mkononi kabla ya chakula, si "tutawasiliana". Na daftari la mtu lisitoke nyumbani kwake.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wawili wanasema mashairi ya beti 14 yanachosha, zama hizi watu wanataka vitu vifupi. Ndugu zangu, hotuba ya siku ile ilizidi nusu saa na hamkulalamika. Mwingine ameuliza kwa nini siwataji waandaaji. Kwa sababu wazee wenyewe wameniomba nisiwataje, bado wana matumaini ya kurudishiwa vitu vyao, na heshima yao naiweka mbele ya hasira yangu. Kwa yule aliyesema mshereheshaji alitumwa tu: naamini. Aje basi aseme alitumwa na nani.

Aliyerekodi lile shairi kutoka mwanzo, bila muziki, naomba aniwekee hapa au anitumie faragha. Nitampelekea mzee, akiridhia tuliweke upya na jina lake. Na wewe uliye na lile kaunta buku la mgongo mwekundu, hata kama limechanika, hata kama mchwa wamelianza, usilitupe. Liache kwa mwangalizi wa msikiti au duka lolote la hapa mjini, nijulishe ni wapi, nitakwenda kulichukua mwenyewe na sitauliza kitu.