Naombeni ushauri: zulia la Kiajemi, nitajuaje kama ni la mkono kweli?

Binti_Shangani:
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Muscat. Soko la Mutrah nimeonyeshwa zulia jeupe la maziwa na buluu, lina ua kubwa la duara katikati. Muuzaji anaapa ni Nain, sufu na hariri, kazi ya mkono. Nataka kumpelekea mama Unguja, lakini bei inamaliza akiba yangu yote. Nikague nini kabla sijalipa?

Mzee_wa_Sufu:
Mwanangu, ligeuze. Zulia la mkono mgongoni linaonyesha maua yaleyale ya mbele, fundo kwa fundo, na mafundo yanapishana kidogo, hayalingani sawasawa kama ya mashine. Halafu matamvua: yawe ni ncha za nyuzi za mtande (nyuzi za urefu zinazofungiwa mafundo) zinazotoka ndani ya zulia lenyewe. Ukiona yameshonewa, shuku mashine.

Nain ni mji mdogo mashariki ya Isfahan, Iran. Watu wake walisifika kwa kufuma majoho ya sufu. Biashara hiyo ilipodorora karne ya 20, wakageukia mazulia. Kwa hiyo akikwambia Nain yake ina miaka 300, aga uondoke. Ukipenda, fumua tamvua moja uhesabu nyuzi zilizosokotwa pamoja. Wenyewe hupanga daraja kwa 4la, 6la na 9la, yaani nyuzi nne, sita au tisa, na namba ikipungua ndivyo kazi inavyokuwa laini zaidi, na ghali zaidi.

Nyuzi_na_Rangi:
Naongezea kuhusu hariri. Kwenye Nain hariri huwa kwenye mistari inayozunguka maua, mtande kwa kawaida ni pamba. Usichome tamvua ukadhani umetapeliwa! Omba akunyofolee unyuzi wa kwenye ua. Hariri ikiungua inanuka nywele, na jivu lake linasagika. Hariri bandia inanuka karatasi.

Shirazi_wa_Pemba:
Nawaheshimu, ila wingi wa mafundo usiwe kila kitu. Wafugaji wa Kiqashqai wa Fars, kusini mwa Iran, hufuma mazulia mazito yenye mafundo machache, na ni kazi halisi kabisa. UNESCO iliorodhesha ufumaji wa mazulia wa Fars, na wa mji wa Kashan pia, kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2010.

Binti_Shangani:
Ahsanteni sana. Na Unguja kwenye unyevu je, litadumu?

Mzee_wa_Sufu:
Litadumu. Mama asiliweke limekunjwa kabatini, nondo hupenda sufu iliyofichwa gizani. Alitandike, alizungushe mara mojamoja ili jua la dirishani lisififishe upande mmoja, na asilifue kwa maji ya moto.